Kompaila ya Mama Mkwe

Tangu Chrispinus amwoe Winrose, binti wa Nasambu wa Navakholo, hakuwahi kuketi chumba kimoja na mama mkwe wake. Mtu asidhani walikuwa na ugomvi. Walipendana, lakini kwa namna ya kwao: mkwe barazani, mama jikoni, na ukuta wa matofali katikati. Chrispinus akifika kutoka mjini, mama aliuliza kutoka ndani, "Mkwe, umekula?" Naye alijibu, "Nimekula, mama," hata kama tumbo lilikuwa linamlaumu, kwa sababu alijua sahani iko njiani. Kisha wakaongea kupitia ukuta huo habari za mvua, za miwa iliyokauka shambani ikingoja trekta, za mjukuu Natasha aliyekataa shule. Wakikutana njiani, mama alikata kona akaingia kwenye miwa mpaka mkwe apite. Mikono hawakupeana hata siku moja.

Vijana huyacheka mambo haya. Mimi siyacheki, maana nimeona ndoa zilizovunjwa na mama wakwe wanaoingia kila chumba bila kubisha. Katika boma la Nasambu mkwe aliruhusiwa kuingia chumba cha mama mkwe mara moja tu maishani, na ni mpaka aitwe na mwenyewe, akiwa anaaga dunia. Kabla ya hapo, hata kizingiti hakikanyagi.

Kwa hiyo Chrispinus alimjua mama yule kwa sauti. Na ilikuwa sauti kweli. Kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo, na akimwita mwanawe Bravin kutoka mlangoni, Bravin alimsikia akiwa ng'ambo ya mto. Halafu ugonjwa ukachagua koo, kana kwamba mwilini hapakuwa na mahali pengine. Madaktari walikata kisanduku cha sauti ili mama aishi. Binti yake alibaki na mama wa kumwogesha na kumlisha. Chrispinus hakubaki na kitu. Siku ya kwanza mama aliporudi kutoka hospitali, Chrispinus aliketi barazani pale pale pake, akangoja kuulizwa kama amekula, na ukuta ukanyamaza. Alikunywa chai yake akaondoka mapema, na kwenye pikipiki akalia.

Ugonjwa haukutosheka na koo. Ulirudi, ukaingia kifuani, na mama akalazwa nyumbani, kwa sababu hospitali walikuwa wamesema maneno yale ya upole ambayo kila mtu anaelewa maana yake. Hakujua kusoma wala kuandika. Vidole vilitetemeka kiasi kwamba kioo cha simu kilimshinda. Lakini akili ilikuwa timamu, na kila mtu pale nyumbani aliona kuwa mama ana neno anataka kulisema. Alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, midomo ikicheza, kisha anafumba macho kwa hasira.

Hapo ndipo Chrispinus alipojitwika kazi. Yeye ni mtu wa kompyuta, anaishi mtaa wa Amalemba mjini Kakamega, na ameajiriwa huko huko. Kabla ya upasuaji, Winrose alikuwa amemrekodi mama kwa simu, akisali, akiita kuku, akisimulia, akimsalimu kila mtu kwa jina. Chrispinus alipata kwenye mtandao programu inayojifunza sauti ya mtu na kuisemesha upya. Bravin, ambaye ni fundi wa stima, akatengeneza ubao wa vitufe vya kengele za mlangoni, vikubwa vya kubonyezwa hata kwa kiganja, kila kitufe na picha yake: maji, maumivu, dirisha, Biblia, nyuso za watu wa nyumbani. Baada ya hivyo palikuwa na safu ya vitufe vya sauti moja moja, kama ba na ma, aunge kwa kusikiliza neno lolote analotaka. Ubao aliufunga kwa skrubu kwenye mbao za kitanda, na waya akauingiza nyuma ya kompyuta kubwa ya mezani aliyoinunua kwa muuzaji wa mitumba, kwenye lile tundu pana la printa za kale. Laptopu ya Chrispinus haikuwa na tundu kama hilo. Laptopu za siku hizi hazina, ingawa za mezani bado hukutwa nalo. Ilikuwa lazima mashine ile ile ya chumbani ndiyo iseme.

Na mashine ile ilikataa. Programu ya sauti ilikuja ikiwa maandishi matupu, na maandishi hayo lazima, ndani ya mashine ile ile itakayoyatumia, yapitie kwenye kompaila, yaani programu inayoyageuza yawe kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Kompaila iliyokuwa ndani ya mashine ya mama ilikuwa kongwe, haikuyaelewa. Mtandao huko Navakholo ni wa kupanda juu ya kichuguu ukiinua simu. Chrispinus akaamua kujenga kompaila mpya kutoka mwanzo, nyumbani kwake Amalemba, aitie kwenye flashi na kuipeleka.

Sasa, kompaila nayo ina watu inaowategemea. Kuna maktaba za hesabu, yaani vifurushi vya kazi ambazo wengine wameshaziandika, na bila hizo haiwezi kujumlisha hata namba. Unapoisanidi, kabla ya kuijenga, unachagua. Unaweza kuzishona maktaba hizo ndani yake moja kwa moja, ikawa nzito lakini inajitegemea popote uendako. Au unaiacha iziazime kutoka kwa mashine kila inapoamka. Wahenga walishalimaliza jambo hili waliposema nguo ya kuazima haisitiri matako. Chrispinus alijua, na akazijenga maktaba za kushona. Ila hakuzizuia zile za kuazima zisijengwe pia, zikakaa pamoja kwenye folda moja. Na kiunganishi, yaani programu inayounga vipande hivyo, kikikuta aina zote mbili, huchukua ya kuazima kimya kimya, bila hata kukohoa. Pale Amalemba kompaila iliamka vizuri, kwa sababu vya kuazima vilikuwa hapo hapo. Chrispinus akapiga meza kwa furaha.

Jumamosi wakaenda Navakholo. Chrispinus akaketi barazani. Winrose akachukua flashi akaingia nayo ndani, Bravin akakaa kwenye kibodi kando ya kitanda. Shangazi Maurine, dada ya marehemu baba yao, alikuwa kwenye kiti akimpepea mgonjwa. Dirisha la chumba lilifunguka barazani, pazia likiwa limeshushwa, na kazi ikafanyika kupitia hapo.

"Shemeji, nimeandika vile umesema," Bravin alisema.

"Inasemaje?"

"Inasema kuna maktaba haioni. Haiwezi fungua."

Chrispinus alielewa palepale, na akajitukana kwa sauti ya chini. "Basi. Ni mimi. Zima, nitaijenga tena."

Ndani, mama alikuwa amesikia. Aliinua mkono, akaelekeza kidole kwenye pazia, huko sauti ya mkwe ilikotoka, kisha akakunja vidole kuelekea kifuani kwake. Akarudia. Kidole kwenye pazia, vidole kifuani.

"Anataka dirisha ifungwe," Bravin alisema.

"Ni jua," Shangazi Maurine akasema. "Hilo jua linamsumbuanga kila siku. Hebu tumgeuze alale upande ule."

Wakamgeuza. Winrose alishika miguu ya mama yake, kisha akaifunika blanketi.

Chrispinus hakuyaona hayo. Alikuwa ameshawasha pikipiki kichwani. Kabla ya kuondoka aliuliza tu, kupitia pazia, "Bravin, kwanza, hiyo mashine ni ya aina gani? Ya miaka ipi?"

"Hii? Ni kama mpya, shemeji. Iko na stika hapa mbele," Bravin akajibu, na akamsomea jina la kichakataji, yaani ubongo wa mashine, la kizazi kile kile cha laptopu ya Chrispinus. Bravin aliisoma kwa fahari, maana ndiye aliyeinunua.

"Sawa. Afadhali," Chrispinus akasema.

Wiki hiyo alifanya kazi kama mtu anayechimba kisima. Alizifuta maktaba za kuazima zote, akasanidi upya akikataza aina hiyo kabisa, akajenga za kushona, na kompaila juu yake. Akaipima kwa amri inayotaja kila kitu ambacho programu inaazima, na hakikutajwa chochote katika zile alizozihofia. Winrose alikuwa akirudi kutoka Navakholo na kumkuta kwenye meza ile ile ya kulia chakula.

"Anaendeleaje?"

"Hanywi uji. Anaukazia tu macho." Winrose alivua viatu polepole. "Baba Natasha, hiyo kitu itafanya kweli?"

"Sasa itafanya. Imebeba kila kitu chake."

Winrose alisukuma viatu ukutani, akaenda kumwogesha mtoto.

Safari ya pili, wingu lilikuwa limeshakusanyika upande wa msitu walipofika. Kwa Kakamega hilo si jambo la kushangaza, mvua ya alasiri ni kama mwajiriwa wa serikali ya kaunti, ila hii huja kazini kila siku. Bravin aliichomeka flashi haraka kabla ya stima kupotea. Chrispinus alisimama kabisa, uso karibu uguse pazia.

"Imeanza," Bravin alisema. "Haijalia maktaba. Iko sawa, shemeji, inaenda. Ngoja." Akagonga kibodi. "Imekufa."

"Imekufa namna gani?"

"Imeandika mstari moja. Agizo haramu. Hivyo tu, halafu imetoka."

"Rudia."

Akarudia. Ikafa vilevile, mahali palepale. Radi ikapiga upande wa Bushiri, taa zikazimika, na mashine pamoja nazo. Chrispinus alibaki amesimama akisikiliza mvua ikigonga mabati, akijaribu kufikiri. Agizo haramu, yaani amri ambayo kichakataji hakiitambui, lingeweza kuwa flashi mbovu. Lingeweza kuwa faili lililonakiliwa nusu. Kuhusu mashine yenyewe hakufikiria, kwa sababu alishaambiwa ni ya aina ya kwake, na mtu aliyemwambia alikuwa ameiona kwa macho.

Gizani mle ndani mama aliinua mkono tena. Sasa ulikuwa mwembamba kama mwiko. Kidole kwenye pazia, vidole kifuani.

"Mwambieni mkwe apumzike," Shangazi Maurine alisema. "Mgonjwa amechoka na kelele ya mashine."

Winrose aliukamata mkono wa mama yake ukiwa bado hewani. Akaushusha taratibu, akauingiza chini ya blanketi, akakalia ukingo wa blanketi hilo. Mama akageuza uso akamtazama binti yake, na Winrose akatazama mvua.

Chrispinus alirudi Amalemba akanunua flashi nyingine. Akaanza yote upya, tangu kupakua. Jumatano asubuhi aliomba ruhusa kazini, akafunga mlango, akaacha laptopu ijenge. Mistari ilipanda kwenye kioo mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amekwisha kupanga angeanza na kitufe gani: kile chenye picha yake, ambacho kingesema maneno yale ya kila siku. Kisha mama angeunga neno lake mwenyewe, neno lile lililomkaba, na wote wangelisikia. Aliliwaza jambo hilo hata akasahau kula.

Simu ililia kabla ya saa sita. Ilikuwa namba ya mkewe.

"Baba Natasha," Winrose alisema. Nyuma yake Chrispinus alisikia sauti ya Shangazi Maurine ikipanda ule mlio ambao hakuna mtu wa Navakholo anayehitaji kuelezwa. "Wacha hiyo kazi sasa. Kuja tu."

Alitoka bila kuifunga laptopu. Kompaila iliendelea kujijenga peke yake kwenye nyumba tupu mpaka ikamaliza, bila kosa hata moja.

Mama alizikwa kando ya mumewe. Kwaya iliimba, na kila wimbo ulianza vibaya kwa sababu mwanzishaji ndiye aliyekuwa kwenye jeneza. Chrispinus alibeba viti, akaelekeza magari, akafanya kila kazi wanayofanya wakwe msibani. Watu walipokwisha kunyolewa, kama ilivyo desturi baada ya mazishi, na kutawanyika, Bravin alimjia barazani akiwa na funguo.

"Shemeji, tunataka kutoa vitu kwa ile chumba. Ingia utoe ile mashine. Saa hii hakuna kitu inakuzuia."

Aliingia akiwa ameinamisha kichwa. Chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyokuwa amekijenga akilini. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, ubao wa vitufe bado umefungwa kwenye mbao, na picha zimechakaa kwa kubonyezwa, maana mama alikuwa akivijaribu vitufe kila siku ingawa havikujibu. Kutoka kitandani hadi pale barazani alipokuwa akikaa palikuwa na pazia tu. Angenyoosha mkono angelifikia.

Akawasha mashine. Kwa mazoea tu, si kwa kutafuta kitu, akaandika amri ya kuuliza kichakataji ni kipi, na mashine ikajibu. Ilikuwa ya zamani mno, vizazi na vizazi nyuma ya ile ya stika. Akainama akaikwangua stika kwa ukucha. Ikatoka yote mara moja, na chini yake kulikuwa na alama ya gundi ya nyingine. Muuzaji alikuwa amebandika sura mpya juu ya mzee.

Kila kitu kikajieleza. Mojawapo ya zile maktaba za hesabu, ile ya namba kubwa, unapoisanidi bila kuiambia vingine, huipima mashine inayojengewa na kujikata kwa kipimo cha mashine hiyo, kama fundi anayeshona suti kwa mwili uliosimama mbele yake. Aliishona kwa mwili wa laptopu. Alipoiazimisha haikuonekana, na alipoishonea ndani ikaenda na maagizo ambayo mashine ya mama haikuwa imezaliwa nayo. Kulikuwa na neno moja la kuongeza kwenye mstari wa kusanidi ili ikubali kichakataji chochote. Mtu aliyekaa mbele ya mashine hii angelijua kabla chai haijapoa.

Mtu mwingine angeng'oa waya akaondoka. Chrispinus alikuwa na ukaidi, na huzuni ilikuwa imeuongezea makali. Alitoa laptopu aliyokuja nayo kwenye begi, akakaa sakafuni, akaongeza neno lile, akajenga. Nje wanawake walikuwa wakiosha masufuria ya msiba, na Bravin alikuwa akirudisha viti vya majirani. Saa zikapita. Alipohamisha kompaila kwenye mashine ya mama, ikaamka na haikufa. Akaipa programu ya sauti, ikaigeuza yote. Akatazama ubao, akapata picha yake mwenyewe, akabonyeza.

"Mkwe, umekula?"

Alikuwa ni yeye. Alikuwa yeye mzima, na ule mvuto wake mwishoni mwa swali.

"Nimekula, mama," Chrispinus akajibu, kabla hajajua kwamba amejibu.

Nje masufuria yakanyamaza. Mlango ukafunguka, Winrose akasimama kizingitini, mikono ikidondosha povu. Macho yalienda kitandani kwanza, kisha kwa mumewe aliyekaa chini.

"Ilikuwa stika," Chrispinus alimwambia. "Mama Natasha, mashine ni ya zamani, walibandika stika ya uongo. Ningeiona mara moja tu. Ningekuwa nimeingia humu hata dakika moja, angesema. Lile neno lake angelisema."

Winrose aliegemea fremu ya mlango.

"Halikuwa neno," alisema. "Alikuwa anakuita."

Chrispinus hakuelewa.

"Alikuwa anaonyesha pazia, halafu anafanya hivi." Winrose akakunja vidole vyake vyenye povu kuelekea kifuani. "Bravin akasema dirisha. Shangazi akasema jua. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa anasema mkwe aingie."

"Na hukuniambia."

"Unajua hapa kwetu mkwe anaitwanga siku gani." Sauti yake haikupanda. "Ningekuita, ni kama mimi ndio nimesema anakufa. Nikasema wacha kwanza mashine ifanye. Wacha ifanye kwanza. Hata mkono wake niliukalia."

Chrispinus aliegemea kitanda, bega lake likaugandamiza ubao. Vitufe vya kengele za bei ya chini vina tabia ya kukwama, na kile chenye picha yake kikakwama ndani.

"Mkwe, umekula?" mama akauliza. Akangoja kidogo, kama alivyokuwa akingoja siku zote, kisha akauliza tena.

Winrose alikaa kitandani, pale pale alipokuwa ameukalia mkono. Swali liliulizwa mara nyingi kabla Chrispinus hajanyanyuka kwenda kung'oa waya.